Injini ngeni katika gari kuukuu: Hesabu ianzie kwenye breki

Msimu wa mavuno unapokaribia, mazungumzo katika gereji za jua kali hurejea pale pale. Bodi ya gari bado ni nzima, viti vinakalika, lakini injini imechoka na inakula oili. Mwenye gari anauliza kama si afadhali atiwe injini nyingine kabisa, hasa ya dizeli, badala ya kuipasua ile ya zamani kwa mara ya tatu. Fundi, ambaye ana kazi ya kutafuta, hujibu kwamba hakuna lisilowezekana.

Ni kweli hakuna lisilowezekana. Ila mkulima wa viazi au mchuuzi wa mboga anayelitegemea gari hilo hanunui uwezekano. Ananunua uhakika kwamba Jumanne na Ijumaa, saa tisa usiku, gari litawaka na kumfikisha sokoni.

Sababu za kulishikilia gari kuukuu zinaeleweka. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika ambalo limepita umri wa miaka minane, na mwaka 2023 ushuru wa forodha wa magari ulipanda kutoka asilimia 25 hadi 35. Mtu wa mapato ya chini hubaki na kile alichonacho. Ndiyo maana Corolla za wagoni za miaka ya tisini, zile ambazo nafasi yake ilichukuliwa na Probox mwaka 2002, bado zinaonekana zikipanda na kushuka barabara za Nyandarua na Meru zikiwa zimeinama nyuma kwa mzigo. Hata Probox za kwanza sasa zimepita miaka 20.

Dizeli ina mvuto wake, na mvuto huo una msingi. Lita moja ya dizeli hubeba nguvu inayozidi ya petroli kwa takriban sehemu moja ya kumi. Zaidi ya hayo, injini ya dizeli huigandamiza hewa mara 20 au zaidi kabla ya kuwasha mafuta, ilhali ya petroli huishia mara tisa au kumi hivi, na mgandamizo huo ndio unaoifanya ifaidi zaidi kila tone. Bei ni suala jingine. Tangu Desemba 2010 bei za juu za mafuta hutangazwa kila mwezi na serikali, na yeyote aliyezifuatilia anajua kwamba pengo kati ya petroli na dizeli hupanuka na kufinyika. Asiyetaka kujidanganya atahesabu lita, aziache shilingi za mwezi huu.

Chukua mfano wa gari linalokwenda kilomita 400 kwa wiki. Likiwa linapata kilomita 12 kwa lita ya petroli, litatumia lita 33 na ushei. Likitiwa dizeli na kufikia kilomita 15 kwa lita, litatumia lita 27 hivi. Akiba ni lita saba kasoro kwa wiki, karibu lita 350 kwa mwaka mzima. Mwenye gari na azidishe hizo 350 kwa bei iliyo kwenye bango la kituo cha mafuta, kisha aiweke hesabu hiyo kando ya gharama yote ya kubadilisha injini. Gharama yote, wala si bei ya injini peke yake pale Kirinyaga Road.

Kwa maana injini yenyewe ndiyo sehemu rahisi. Kinachomeza fedha ni vile vinavyoizunguka. Giaboksi ya petroli imepangiwa injini inayozunguka haraka; ya dizeli huzunguka polepole na kufika kikomo mapema, hivyo ikifungiwa gia zile zile italia barabara kuu kama inayoomba kuhurumiwa. Klachi lazima iwe ya kuhimili msukumo mzito zaidi. Dizeli inahitaji chujio la kutenganisha maji, mrija wa kurudisha mafuta kwenye tangi, na betri kubwa kwa sababu ya plagi za kupasha moto na stata yenye kazi ngumu. Injini ni nzito, kwa hiyo springi za mbele hulala. Tangi lenyewe lisiposafishwa vyema, mabaki ya petroli na kutu huenda moja kwa moja kwenye pampu na nozeli, ambazo si vitu vya bei ya kutupa.

Kuna jambo moja ambalo mafundi wengi hulipita haraka, nalo ndilo la hatari kuliko yote. Breki za magari haya husaidiwa na busta, lile pipa la duara lililo nyuma ya pampu ya breki. Busta hufanya kazi kwa mvuto wa hewa ambao injini ya petroli huutoa yenyewe, bila kifaa cha ziada, kila dereva anapoachilia mafuta. Injini ya dizeli haina mvuto huo. Ndiyo maana Toyota, katika dizeli zake za aina ya 2C, iliweka pampu ndogo ya mvuto nyuma ya altaneta. Injini ikinunuliwa bila altaneta yake, au fundi akifunga altaneta ya petroli kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo rafuni, taa zitawaka na betri itachajiwa, lakini busta itakuwa imekufa. Breki bado zipo, ila kanyagio linakuwa gumu kama jiwe, na gari linahitaji umbali mkubwa zaidi kusimama.

Sasa mwenye gari hilo ametoka Kinangop Kusini, mahali palipo mita 2,500 hivi juu ya usawa wa bahari, ana magunia nyuma, na anashuka kupitia Soko Mjinga na Limuru kuelekea soko la Wakulima, Nairobi, karibu mita 800 chini ya alikotoka. Kuna ukungu. Matatu zinasimama ovyo. Akiba ya lita saba kwa wiki haina maana yoyote hapo.

Kimo hicho hicho cha ardhi kina athari nyingine. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda, iwe ya petroli au ya dizeli. 2C ina nguvu za farasi 70 na kidogo ikiwa pwani. Huko Kinangop robo yake imeyeyuka. Pampu ya mafuta isiporekebishwa kulingana na hewa nyepesi, gari hutoa moshi mweusi, dereva hukanyaga zaidi, na joto hupanda. Silinda hedi ya 2C ni ya alumini na haivumilii joto. Sifa yake ya kupasuka inajulikana na kila aliyewahi kuifungua. Kuipachika nyuma ya redieta kuukuu ya gari la petroli ni kuitafutia mazishi. Pia ina mkanda wa taiming, na mkanda huo ukikatika vali hugongana na pistoni. Injini ya kutoka Japan, hata ikiwa safi kiasi gani machoni, ifungwe mkanda mpya kabla haijashushwa mahali pake.

Pamoja na hayo yote, Corolla ya wagoni kutiwa 2C si wazimu. Kampuni iliyoitengeneza ilitoa bodi hiyo hiyo ya miaka ya tisini ikiwa na injini za petroli za cc 1,300 na cc 1,500, na pia ikiwa na dizeli hiyo ya cc 1,974. Maana yake ni kwamba vishikio, giaboksi, springi, redieta na altaneta yenye pampu vilikwisha kubuniwa na kupimwa na wahandisi, na vinaweza kupatikana pamoja kutoka gari moja lililokatwa. Anayenunua nusu ya mbele ya gari la dizeli la aina ile ile amenunua majibu ya maswali mengi. Anayenunua injini tupu iliyolala sakafuni amenunua maswali.

Tofauti hiyo huonekana zaidi kwenye Peugeot 504, gari lililoshinda mbio za Safari Rally mwaka 1975 na ambalo wagoni yake ilibeba nusu ya nchi hii kabla ya matatu za Nissan. Injini yake ya petroli imelazwa upande kwa digrii 45, na giaboksi yake imeungwa kwa bomba gumu lililozunguka propela hadi kwenye difu. Injini ngeni inayosimama wima haina pa kukalia, na giaboksi yake haina pa kuungia. Fundi stadi atachonga bamba la kuunganisha injini ya Toyota na gia za Peugeot, na gari litakwenda. Siku litakapokwama Narok, hata hivyo, hakuna fundi wa Narok atakayejua alichokifanya yule wa Nairobi.

Wengine hutaka injini kubwa ili wabebe zaidi. Huo ni upotevu wa fedha. Probox ya biashara ilipimwa na watengenezaji wake kubeba kilo 400 ikiwa na watu wawili, yaani magunia manane ya viazi ya kilo 50 yanayotakiwa na kanuni za mwaka 2019. Uwezo huo umo kwenye springi, ekseli, magurudumu na breki. Injini kubwa haiongezi hata gunia moja. Inachoongeza ni mwendo wa kufikia kona.

Na umeme? Humu nchini zimekuwako kampuni zinazobadili magari ya watalii kuwa ya umeme tangu muongo uliopita, na kwa safari fupi za kurudi nyumbani kila jioni, kama kukusanya maziwa na kuyafikisha kwenye mtambo wa kupozea, wazo hilo lina mantiki. Tatizo ni uzani. Betri ya Nissan Leaf za kwanza, ya kilowati 24 kwa saa, ina uzani wa karibu kilo 300. Hata ukiondoa injini, tangi na ekzosi, wagoni ndogo inabaki na nafasi finyu ya mzigo unaolipa. Kwa mchuuzi wa kilomita 200 kwa siku, bado hapajafika.

Linabaki suala la karatasi, ambalo wengi huliona la mwisho ilhali lingepaswa kuwa la kwanza. Nambari ya injini na ukubwa wake vimeandikwa kwenye cheti cha umiliki. Injini ikibadilishwa, mabadiliko hayo yanapaswa kukaguliwa na kusajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, na mwenye gari anapaswa kuiarifu kampuni yake ya bima. Asiyefanya hivyo hana tatizo hadi siku ya ajali. Siku hiyo kampuni ya bima itafungua boneti, itasoma nambari, na itakuwa na hoja ya kupinga madai. Vilevile injini isiyo na risiti inaweza kuwa imeng'olewa kwenye gari la wizi, na atakayekutwa nayo ndiye atakayeulizwa.

Ni rahisi kuwalaumu wamiliki kwa kujificha. Lakini mkulima wa Kinangop akiambiwa apoteze siku mbili za soko kufuata ukaguzi mjini, atajificha. NTSA ina wajibu wa kuwafikia. Wakaguzi wanaweza kutangaza siku maalumu katika makao makuu ya kaunti, hasa nje ya misimu ya mavuno, wapime breki, wasome nambari na kukamilisha usajili papo hapo kwa ada inayolipika. Vyama vya jua kali navyo vingeanza na hatua ndogo: karatasi moja inayoeleza injini ilitoka wapi, giaboksi gani ilitumiwa, na kama busta ya breki ilijaribiwa gari likiwa na mzigo. Fundi aisaini.

Hadi hayo yafanyike, mwenye gari ambaye hajapata seti kamili ya injini iliyowahi kufungwa kiwandani katika bodi yake ana njia ya zamani isiyo na mbwembwe. Aifungue injini aliyo nayo, abadilishe ringi na beringi, asage vali, aitengeneze redieta. Kazi hiyo inajulikana na fundi wa kila soko, na cheti cha umiliki hakiguswi.