Mche wa Mvule Si Gugu

Nilipokuwa kibarua kwenye shamba moja la mitiki mkoani Tanga, tulilipwa kwa kipande. Kipande safi, hela kamili. Siku moja nikaubakiza mche wa mvule ulionifika kiunoni, kwa kuwa marehemu babu alikuwa seremala na mlango wa nyumba yetu ni wa mvule. Msimamizi akauona. Akanikata nusu ya ujira, kisha akaufyeka mwenyewe, tena kwa panga langu.

Simlaumu sana. Kitabu chake kilikuwa na safu mbili tu: mitiki na magugu.

Mtiki mchanga hutaka jua na nyasi huuonea, kwa hiyo palizi ya miaka ya mwanzo sina ugomvi nayo. Lakini sisi tulifyeka hata chini ya miti iliyokwisha kufungana matawi huko juu. Mche wa kiunoni unainyang'anya nini miti kama ile?

Na mvule wangu haukupandwa na mtu. Popo hula matunda yake usiku, mbegu wakaziangusha wanakopita. Mkuyu nao huletwa na ndege na kima. Ndiyo maana miche ilisongamana upande uliopakana na msitu wa mtoni, na katikati ya shamba ukakuta majani makavu tu.

Kibale, nchini Uganda, misonobari ilipandwa kwenye vilima vya nyasi tupu. Kivuli kikaua nyasi, moto ukakosa chakula, na miti ya asili ikaota yenyewe chini yake. Mtiki ni mkaidi kuliko msonobari: kiangazi hupukutisha majani mapana, na moto ukipita hapo miche haiponi. Wakubwa watasema ndiyo sababu ya kufyeka. Sawa, basi njia za kuzuia moto zisafishwe mpaka udongo uonekane, maana nyingi nilizozijua zilikuwa na nyasi za kumficha mbuzi.

Ninachoomba ni ukanda ule wa mtoni na wa kando ya msitu. Mitiki ikishafunga kivuli, panga lisiingie hapo, na siku ya kuvuna magogo yaangushwe kuelekea ndani ya shamba. Kitabu cha msimamizi kiongezwe safu ya tatu, na kibarua aliyebakiza mivule na mikangazi hai alipwe kipande kizima. Ile nusu yangu nimeshaisamehe.