Tutazame Chini ya Motokaa

Siku hizi mtu akinunua motokaa, swali la kwanza analoulizwa ni la mwaka. "Ya mwaka gani? Namba gani?" Akijibu kuwa ni ya juzi juzi na namba yake ni E, wote humsifu. Akijibu kuwa ni ya zamani, hupewa pole kama mtu aliyefiwa. Mimi naona desturi hii haitufai sisi watu wa milimani, nami nina sababu ya kuyasema haya muhula huu. Jamaa zetu walioko Dar es Salaam wanachanga fedha ili wanunue motokaa moja ya kitongoji chetu hapa Shighatini, iwe ya kuwateremsha wagonjwa na wajawazito usiku, wakati ambapo hakuna chombo kingine. Vijana wawili miongoni mwao wanashikilia kwamba inunuliwe Subaru Impreza, tena ya toleo jipya kadiri fedha zitakavyofika, kwa kuwa ina mbio na ina sifa. Habari ya springi haijaulizwa na mtu.

Lakini barabara zetu huuliza springi kwanza. Nchi zetu zilijifunza jambo hili zamani katika mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka wa 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka wa 1966, na tena mwaka wa 1967, Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, pamoja na mwenzake Chris Rothwell, walishinda kwa Peugeot 404. Hiyo ilikuwa motokaa ya kawaida ya milango minne, na nyuma yake palikuwa na ekseli moja nzima iliyounganisha magurudumu yote mawili, juu ya springi za koili. Mwaka wa 1970 walishinda Edgar Herrmann na Hans Schüller kwa Datsun 1600 SSS. Hii ilikuwa ya mtindo mpya: kila gurudumu la nyuma lilikuwa na mkono wake na springi yake, likapanda na kushuka bila kumwuliza mwenzake.

Basi kwa hesabu ya wale wasemao kwamba kipya ndicho bora, Datsun wasingalirudi nyuma kamwe. Lakini walirudi! Violet mpya iliyotoka mwaka wa 1977 ilikuwa na ekseli nzima, imeshikwa kwa mikono minne na springi za koili. Kwa motokaa ya namna hiyo Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, akiwa na Mike Doughty, alishinda Safari mwaka wa 1979, 1980, 1981 na 1982, miaka minne mfululizo. Sisemi kwamba ekseli peke yake ndiyo iliyomshindia, maana alikuwa dereva hodari na mafundi wake walikuwa wengi. Nasema kwamba ekseli ya "kizamani" haikumzuia. Peugeot nao, baada ya kuitoa 504 mwaka wa 1968 na magurudumu ya nyuma yanayojitegemea, walitoa mwaka wa 1973 504 ya bei nafuu yenye ekseli nzima.

Yafaa nieleze sababu, kwa kuwa wenzangu wengi hupenda injini tu, na chini ya motokaa hawachunguli. Penye ekseli nzima, difu imo ndani ya ekseli yenyewe. Ukiwapakia watu watano, mkungu wa ndizi na gunia la maharage, bodi hushuka, lakini difu hubaki pale pale juu ya mawe. Penye magurudumu yanayojitegemea, difu imefungwa kwenye bodi, hivyo mzigo ukiishusha bodi, difu nayo hushuka kulifuata jiwe. Tena katika mtindo ule wa Datsun ya 1970, mzigo ukizidi, magurudumu ya nyuma huinama, vichwa vyao vikaingia ndani, nayo tairi huliwa upande mmoja.

Haki lazima isemwe pia. Ekseli nzima ni nzito, na gurudumu moja likipanda jiwe, la pili nalo huinamishwa. Kwenye barabara iliyofanya mabati hurukaruka na kumchosha abiria. Mtu wa lami ana haki ya kuikataa.

Sasa nirudi kwa Impreza. Tangu ilipotoka mwaka wa 1992 hata toleo la pili lililoanza mwaka wa 2000, springi na shokapu za nyuma zilisimama pamoja kama nguzo moja, na mikono michache ya kushika gurudumu. Mwaka wa 2007 kiwanda kikabadili nyuma, kikaweka mikono ya juu na ya chini, ili nguzo zile zisile nafasi ya mizigo na motokaa itulie zaidi. Mabadiliko hayo yana akili, ila sehemu za kuchakaa zimeongezeka, na fundi wetu anazitengeneza chini ya mwembe. Huko Marekani, WRX ya mwaka wa 2008 ililaumiwa kwamba imelegea mno, na katika ile ya mwaka wa 2009 kiwanda kikakaza springi na kuongeza nguvu ya injini kutoka farasi 224 hadi 265. Mwaka mmoja tu! Anayenunua kwa kutazama taa za mbele hatajua tofauti hiyo.

Wale vijana wawili hujibu kwamba Impreza ilishinda Safari mwaka wa 1997 kwa Colin McRae na mwaka wa 2000 kwa Richard Burns. Ni kweli, lakini zile ziliundwa kwa ajili ya mashindano, na hazikubeba mjawazito wala mama mkwe wake.

Jambo baya kuliko yote ni kukata springi ili motokaa ilale chini na kuonekana ya kisporti. Springi iliyokatwa huwa ngumu, na nafasi ya kushuka huwa ndogo, hata kila korongo likapiga bodi. Mgonjwa aliyevunjika mguu atayahesabu makorongo yote.

Ushauri wangu ni huu. Kama fedha zinatosha, itafutwe motokaa ndefu ya miguu yenye ekseli nzima nyuma, hata ikiwa ni ya namba ya zamani. Kama ni lazima iwe Impreza, basi iwe ya kabla ya 2007, springi zake zikiwa zile za kiwandani, na ipimwe kutoka ardhini hadi tumboni ikiwa tupu, kisha ipimwe tena ikiwa na watu watano na magunia mawili. Mkutano wao utakuwa mwezi wa Desemba, watu wa mijini watakapopanda mlimani kwa sikukuu. Nami nitakuwapo na futi kamba.