Kilichomshinda Boit si theluji, ni miaka

FEBRUARI mwaka huu Italia ilikuwa mwenyeji wa Olimpiki ya majira ya baridi, kule Milan na Cortina. Bendera ya Tanzania haikuwamo, na sidhani kama kuna aliyeshangaa. Lete habari ya skii barazani Jaws Corner jioni, utachekwa mpaka kahawa ipoe. Unguja na theluji wapi na wapi? Barafu tunayoijua sisi ni ya kuwekea samaki.

Lakini hata Eldoret hakuna theluji. Na huko ndiko alikotoka Philip Boit, Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi. Safari yake tumezoea kuisimulia kama kichekesho, au kama kisa cha kutia machozi. Mimi naona ni hesabu ya michezo ambayo sisi wa visiwani inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Jaribio la Nike

Boit alizaliwa Desemba 1971. Mchezo wake ulikuwa riadha, mita 800, na damu ya riadha ilikuwamo ndani ya ukoo. Ami yake, Mike Boit, alichukua medali ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972.

Mwaka 1996 kampuni ya Nike ikaja na wazo. Wakenya wanatamba kwenye mbio za kati na ndefu duniani, wana mapafu, wana miguu, wamekulia kwenye miinuko. Je, ukiwatoa kwenye vumbi ukawatia kwenye theluji itakuwaje? Wakachaguliwa wawili, Boit na Henry Bitok, wakapelekwa Finland.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, skii ya masafa si ile ya kushuka mlima kwa kasi. Mtu anavaa mbao mbili ndefu nyembamba miguuni, anashika fimbo mbili mikononi, halafu anajisukuma. Anapanda vilima na kuvishuka, kilomita 10, 15, hadi 50. Ni marathoni inayotumia mwili mzima. Mikono inafanya kazi, mgongo unafanya kazi, tumbo linafanya kazi, na juu ya yote hayo kuna kubaki wima kwenye kitu kinachoteleza. Hata nta inayopakwa chini ya mbao ina wataalamu wake, maana theluji ya asubuhi si ya mchana, na ukikosea nta unateleza kurudi nyuma.

Boit alipofika Finland alikuwa na miaka 24, na theluji hajawahi kuikanyaga. Alikuwa na miaka miwili tu mpaka Olimpiki ya Nagano, Japani.

Dakika 20 za Nagano

Februari 12, 1998, mbio za kilomita 10. Mshindi akawa Bjørn Dæhlie wa Norway, kwa dakika 27 na sekunde 24. Boit alimaliza kwa dakika 47 na sekunde 25, wa 92, wa mwisho. Toka mshindi kumaliza hadi Boit kuonekana zilipita dakika 20.

Kilichofuata ndicho kilichozunguka dunia. Dæhlie hakwenda kuvaa medali yake. Alibaki pale pale kwenye mstari, sherehe ikasubiri, na Boit alipovuka akamkumbatia. Baadaye Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie.

Ni kisa kizuri, hakuna anayebisha. Ila uzuri wake umetufanya tusiiulize zile dakika 20 zimetoka wapi. Dæhlie hakuwa na mapafu mawili zaidi. Alichokuwa nacho ni miaka. Norway mtoto anafungwa skii miguuni kabla hata hajaanza skuli. Anakuta klabu mtaani kwao, anakuta kocha, anakuta mashindano kila msimu. Dæhlie alipokuja kumaliza kazi yake ya Olimpiki alikuwa na medali 12, nane kati ya hizo za dhahabu. Weka mtu huyo upande mmoja, upande wa pili weka mtu mwenye miaka miwili ya kujifunza. Tusidanganyane, dakika 20 ni heshima.

Nike walitaka kujua kama mwili wa mkimbiaji unatosha. Jibu walilipata. Mwili unakufikisha kwenye mstari wa kuanzia. Kutoka hapo unahitaji mazoea, na mazoea hayauzwi dukani. Wazee wetu walishasema, udongo uuwahi ungali maji.

Baada ya kamera kuondoka

Sehemu ninayoipenda zaidi katika maisha ya Boit haisimuliwi sana, nayo ni ile ya baada ya Nagano. Ufadhili wa Nike haukudumu. Kwa mtazamo wa biashara jaribio lilikuwa limekwisha, picha zimepatikana, dunia imelia, basi.

Boit hakuacha. Akiwa nyumbani alifanya mazoezi barabarani kwa skii zilizofungwa magurudumu. Mwaka 2002 akaenda Salt Lake City, Marekani, na katika mbio fupi akashika nafasi ya 64, safari hii kukiwa na watu nyuma yake. Mwaka 2006 akaenda Torino, na katika kilomita 15 hakuwa wa mwisho. Kule Torino hakuwa tena peke yake kutoka ukanda wetu, maana Ethiopia nayo ilimleta Robel Teklemariam katika mchezo huo huo. Vancouver 2010 Boit hakufuzu, lakini 2011 alikuwamo kwenye mashindano ya dunia Oslo, akielekea miaka 40.

Soma mstari huo vizuri. Wa mwisho mwaka 1998, halafu si wa mwisho 2002, halafu si wa mwisho 2006, bila fungu la maana nyuma yake. Huyu alikuwa mwanamichezo anayepanda. Angeanza akiwa na miaka minane badala ya 24, hadithi tungeisimulia kwa namna nyingine.

Tuna mfano wa nyumbani

Sisi Watanzania mkia tunaujua. John Stephen Akhwari alimaliza wa mwisho marathoni ya Mexico 1968, goti limeumia, saa moja na ushei baada ya mshindi, na akasema kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio bali kuzimaliza. Tunamkumbuka kwa haki kabisa.

Lakini tumtazame na Alphonce Simbu. Wa tano Rio 2016. Shaba ya dunia London 2017. Wa saba Olimpiki ya Tokyo. Wa 17 Paris 2024, na hapo wapo waliosema kwisha habari yake. Septemba 2025 akarudi Tokyo akachukua dhahabu ya marathoni ya dunia, akimpita Mjerumani kwa sekunde 0.03, wa kwanza kuiletea Tanzania ubingwa huo. Miaka tisa kutoka Rio. Na katika miaka hiyo Simbu alikuwa askari wa JWTZ, yaani mshahara wa mwisho wa mwezi ulikuwapo, ashinde asishinde.

Hapo ndipo Boit na Simbu wanapoachana. Wote wana roho ngumu. Mmoja alikuwa na mtu wa kumlipia miaka, mwingine alilipiwa miwili tu.

Na sisi Unguja?

Jioni yoyote nenda Forodhani ukawatazame vijana wanaojirusha baharini. Wanakimbia, wanaruka ukutani, wanapinduka hewani mara moja, mara mbili, wanaingia majini kichwa mbele. Watalii wanapiga picha, sisi tunakula urojo na mishkaki, jua linazama, kila mtu anakwenda kwao. Kesho tena. Ule ni mchezo wa Olimpiki, jamani, una medali kama skii ilivyo na medali. Bahari tunayo bure. Mwili tunao. Kama kweli kipaji pekee kingetosha, Forodhani ingeshatoa bingwa zamani.

Kinachokosekana ni yale ambayo Boit aliyakosa. Kocha wa kila siku, klabu, kalenda ya mashindano, na mtu wa kulipa katika miaka ambayo hakuna kamera.

Kwetu kuna na kikwazo cha ziada. Michezo si jambo la Muungano. Zanzibar ina Baraza lake la Taifa la Michezo, BTMZ, na Bara ina BMT. Ila mlango wa Olimpiki ni mmoja, Kamati ya Olimpiki Tanzania, bendera moja. Mtoto wa Jang'ombe anapaswa kwanza aonekane hapa, halafu aonekane tena ng'ambo ya maji. Kwenye mpira tuliujaribu mlango wetu wenyewe. Machi 2017 CAF ikatupokea kuwa wanachama, Julai mwaka huo huo ikatufuta. Desemba tukafika fainali ya Chalenji, tukatolewa na Kenya kwa penalti. Uwezo ulikuwapo, kiti hakikuwapo.

Lakini tusijifiche nyuma ya kiti. Hakuna katiba inayozuia kocha kufundisha watoto Forodhani, Nungwi au Makunduchi. Nungwi wenyewe mradi wa Panje umekuwa ukifundisha kuogelea, wasichana wakiwamo, na haukusubiri barua ya Lausanne.

Pesa za michezo zipo pia. Amaan imefanywa upya, inapendeza, na Agosti 2025 ilipokea mechi za CHAN. AFCON ya 2027 tumepewa pamoja na Kenya na Uganda. Sisemi viwanja visijengwe. Nasema uwanja unakamilika kwa mwaka au miwili na mkubwa anakata utepe. Mwanamichezo anakamilika kwa miaka 10 au 12, na katikati hakuna utepe wa kukata. Ndiyo maana uwanja hupata fungu kwa urahisi na mtoto hulikosa.

Hesabu ni nyepesi. Mtoto wa miaka 10 anayejirusha pale ukutani leo atakuwa na miaka 16 katika Olimpiki ya Brisbane 2032, na miaka 20 mwaka 2036. Akianza mwaka huu ana muda ambao Boit hakupewa. Akiachwa mpaka afike 24, tutampeleka, atamaliza wa mwisho, tutampigia makofi na kusema ameonesha moyo.

Kwa hiyo swali kwa BTMZ na vyama vyetu ni fupi. Orodha ya watoto hao iko wapi, na nani analipa mwaka wa kwanza?