Maji Maangavu Si Maji Salama

Wapo watu wengi wafugao samaki wa mapambo majumbani ambao wana desturi moja. Samaki wanapoanza kufa, mwenye tangi huyatazama maji kwa macho, na akiyaona yanang'aa huyaondolea lawama papo hapo. Kisha hukimbilia dukani kununua dawa. Dawa ikishindwa, humwaga maji yote, husugua kokoto na chujio kwa sabuni, hujaza maji mapya ya bomba, na baada ya siku chache samaki waliosalia nao hufa. Hapo husemwa kwamba samaki hao ni wagumu kufugwa, au kwamba nyumba hiyo haina bahati nao.

Ukweli ni kwamba kosa halimo katika samaki wala katika bahati. Limo katika namna ya kufikiri: kutibu kabla ya kupima. Kosa hilo hufanywa na watu waliokwisha kusoma sayansi shuleni, wakaukariri mzunguko wa nitrojeni, wakauchora kwa mishale katika mtihani, na wakapata alama nzuri. Yafaa basi walimu wajiulize kwa nini maarifa yaliyopata alama nzuri katika karatasi hayakumwokoa hata samaki mmoja.

Na lichukuliwe tangi kubwa la nyumbani, lenye urefu wa sentimeta 200, upana wa sentimeta 60 na kimo cha maji cha sentimeta 60. Ujazo wake ni lita 720. Maji hayo yana uzito wa kilo 720, bila kuhesabu kioo na kokoto. Mwenye tangi huwapa samaki wake gramu 10 za chakula kikavu kwa siku. Ikiwa asilimia 40 ya chakula hicho ni protini, basi ni gramu 4. Na kwa kuwa karibu asilimia 16 ya protini ni nitrojeni, chakula cha siku moja huingiza gramu 0.64 za nitrojeni. Hata nusu yake tu ikitolewa na samaki kama amonia, maji hupata karibu miligramu 0.4 za nitrojeni kwa kila lita, kila siku ipitayo. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki ni cha sumu isiyo na rangi.

Kinachowaokoa samaki ni viumbe wadogo wasioonekana. Mwaka 1890 Sergei Winogradsky, mwanasayansi wa Urusi aliyekuwa akifanya kazi Zürich, alionyesha kwamba wapo bakteria wanaojipatia nguvu kwa kuichoma amonia kwa oksijeni. Kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa kazi hizo mbili lazima zifanywe na viumbe tofauti, lakini mwaka 2015 ilithibitishwa kwamba baadhi ya bakteria wa jenasi Nitrospira huweza kuzifanya zote mbili. Bakteria hao hawaelei ovyo majini. Wengi wao wamejishikiza juu ya kokoto na zaidi ndani ya chujio, mahali penye maji yapitayo na oksijeni tele.

Kutokana na jambo hilo moja hueleweka misiba mitatu inayojulikana sana. Wa kwanza ni wa tangi jipya. Bakteria hawa huzaana polepole, na huchukua kwa kawaida majuma manne hadi sita kufikia idadi ya kutosha. Atakayejaza samaki wengi siku ya kwanza ataona amonia ikipanda, kisha nitriti, huku maji yakiwa maangavu kama ya chemchemi. Wa pili ni wa chujio lililosafishwa mno. Anayeliosha kwa maji ya bomba yenye klorini, au kwa sabuni, huwaua watumishi wake kwa mkono wake mwenyewe. Ingetosha kulisuuza taratibu katika ndoo yenye maji yaliyotolewa tanginimo. Wa tatu ni wa kukatika kwa umeme. Pampu ikisimama kwa saa nyingi, oksijeni iliyo ndani ya chujio lililofungwa hwisha, bakteria huanza kufa, na maji yaliyolala humo huoza. Umeme ukirudi, maji hayo humiminwa juu ya samaki. Mwenye busara huyamwaga kwanza ndipo aiwashe pampu.

Lakini upo msiba wa nne, na huo ndio unaostahili kuzingatiwa kuliko yote, kwa kuwa unapingana na akili ya kawaida. Tangi lina umri wa miaka mitatu. Samaki wamezoea, chakula hutolewa kila siku, na maji yaliyopungua kwa mvuke hujazwa tu bila ya mengine kutolewa. Siku moja mgeni asema maji yamekuwa na rangi ya chai. Mwenye tangi aona haya, atoa nusu ya maji, na kutia maji mapya, safi, yasiyo na klorini. Kesho yake asubuhi nusu ya samaki wamekufa. Je, maji safi yanaweza kuua?

Yanaweza, na kemia ya kidato cha nne yatosha kueleza. Bakteria wanapoigeuza amonia hutoa asidi. Asidi hiyo hula chumvi za kabonati zilizomo majini, na chumvi hizo zikiisha, pH hushuka hadi 6 au chini ya hapo. Katika hali hiyo bakteria wenyewe hukaribia kuacha kazi, na amonia huanza kujikusanya. Samaki hawafi bado, kwa sababu amonia ina sura mbili. Katika maji yenye asidi karibu yote huwa ayoni ya amoniamu, isiyopenya kwa urahisi katika matamvua ya samaki. Katika maji yenye besi sehemu kubwa zaidi huwa gesi ya amonia iliyoyeyuka, na hiyo ndiyo iuayo. Kwa joto la nyuzi 25 za Selsiasi, gesi hiyo ni asilimia 0.057 tu pH ikiwa 6, asilimia 0.57 pH ikiwa 7, asilimia 5.4 pH ikiwa 8, na kiasi cha asilimia 36 pH ikiwa 9.

Sasa hesabu na ifanywe. Tangi lilikuwa na jumla ya miligramu 4 za amonia kwa lita na pH 6; gesi yenye sumu ilikuwa miligramu 0.002 tu. Nusu ya maji ilipobadilishwa, jumla ilishuka hadi miligramu 2. Lakini ikiwa maji mapya yaliipandisha pH hadi 8, gesi yenye sumu ilifikia miligramu 0.108. Uchafu ulipungua kwa nusu, na sumu ikaongezeka zaidi ya mara arobaini. Mwenye tangi alitenda wema, na wema wake ukaua. Kipimo kimoja cha pH na kimoja cha amonia, vilivyofanywa jioni ile kabla ya kushika ndoo, vingemwonya. Angepunguza chakula, angezidisha hewa, na angebadilisha sehemu moja ya kumi tu kwa siku, kwa siku nyingi, akitia ndani ya chujio vipande vya mawe ya chokaa ili kuirudisha pH polepole huku akiendelea kupima.

Mfano huo waonyesha utaratibu unaopaswa kufuatwa katika kila tatizo la maji. Kwanza, dalili haitoshi. Samaki wanaohema juu ya uso wa maji huenda wamekosa oksijeni. Huenda matamvua yao yameunguzwa na amonia. Huenda nitriti imeigeuza damu yao kuwa ya kahawia isiyoweza kubeba oksijeni. Dalili ni moja, sababu ni tatu, na tiba ni tofauti. Pili, lazima kupima: joto, pH, amonia, nitriti na nitrati. Joto lisidharauliwe, kwani lita moja ya maji yenye nyuzi 20 huweza kubeba miligramu 9.1 za oksijeni, na yenye nyuzi 30 hubeba 7.6 tu. Tatu, lazima kuuliza ni lini hasa. Samaki wanaohema alfajiri tu na kupona mchana huelekeza kidole kwenye mimea na mwani, ambao usiku nao huitumia oksijeni. Nne, badiliko lifanywe moja kwa wakati mmoja na liandikwe katika daftari. Anayetia dawa, akabadilisha maji na kuosha chujio siku hiyo hiyo, hata akifaulu hatajua alifaulu kwa nini.

Hata kubadilisha maji kwa desturi, jambo linaloonekana kuwa la ndoo na mpira tu, lina hesabu yake. Ikiwa nitrati huongezeka kwa miligramu 10 kwa lita kila juma, na robo ya maji hubadilishwa kila juma kwa maji yasiyo na nitrati, kiwango hakitapanda bila kikomo. Kitaelekea miligramu 40 kabla ya kubadilisha na 30 baada yake, kisha kitatulia hapo. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza mfululizo wa namba una faida gani atapata jibu lake tanginimo.

Watasema wengine kwamba tangi la lita 720 ni anasa ya matajiri, na kwamba shule isiyo na madawati ya kutosha haiwezi kuzungumzia samaki wa mapambo. Hoja hiyo ina uzito wake, lakini haifiki mwisho wa safari. Kanuni zilizoelezwa hapa hufanya kazi vile vile katika pipa la plastiki lenye perege wanne. Tangi kubwa lina faida moja tu kubwa, yaani hukosea polepole na kumpa mtu nafasi ya kujirekebisha. Pipa huadhibu upesi. Vifaa vya kupimia vikikosekana, kipimajoto, karatasi za pH na daftari lenye tarehe tayari ni mwanzo wa sayansi.

Na iko sababu nyingine. Ziwa Tanganyika lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, ambao ni ndugu wa perege, na karibu wote hawapatikani kwingineko duniani. Samaki hao wamekuwa wakisafirishwa kwenda kufugwa katika matangi ya Ulaya na Marekani kwa miongo mingi. Mfugaji wa huko hujifunza kwamba maji yao yana pH inayokaribia 9, na kwa hiyo kwamba amonia kidogo tu huwaua. Ni jambo la kusikitisha ikiwa kijana wa Kigoma, mwenye ziwa hilo mbele ya macho yake, atamaliza shule bila kulijua.

Mambo haya hayaishii kwenye kioo. Ufugaji wa samaki katika vizimba umepanuka katika Ziwa Victoria, na mwishoni mwa mwaka 2022 wafugaji wa upande wa Kenya walipoteza samaki wengi; upungufu wa oksijeni ulitajwa kuwa chanzo. Kizimba ni tangi lisilo na kioo. Chakula kile kile huleta amonia ile ile, na oksijeni ni ile ile. Tofauti ni kwamba anayepoteza si mpenda mapambo bali ni mtu aliyekopa mtaji, na ndoo ya maji mapya haipo.

Kwa hiyo mwalimu wa baiolojia na mwalimu wa kemia wangefanya jambo jema kukutana kwenye pipa moja. Mzunguko wa nitrojeni uendelee kuchorwa kwa mishale ubaoni, lakini kando ya ubao pawepo samaki hai, na zamu ya wanafunzi wa kupima na kuandika. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nayo maji ni hodari wa kuficha. Kijana aliyezoea kuyauliza maji kwa kipimo, badala ya kuyaamini kwa macho, atakuwa amejifunza jambo ambalo mtihani haujui kulitungia swali.