Wati za Lebo Zisitudanganye

Wapo vijana wa Moshi mjini, na wa vijiji vya mlimani kuanzia Machame na Kibosho hadi Marangu na Mwika, ambao siku hizi wameingiwa na shauku ya kujiundia wenyewe kompyuta za kuchezea gemu. Hawanunui mashine iliyokwisha kufungwa dukani. Hununua kipande baada ya kipande, leo prosesa, mwezi ujao kadi ya picha, hata mashine ikamilike. Fedha za kazi hiyo, mara nyingi, hutoka katika mshahara wa mzazi ambaye ni mwalimu au mtumishi wa Serikali. Kwa hiyo jambo hili linatuhusu sote, na wala si la kuachiwa watoto peke yao.

Wako watakaouliza: je, gemu ni kitu cha kujadiliwa na watu wazima? Jibu ni kwamba mashine yenye nguvu ya kuendesha gemu ndiyo hiyo hiyo inayoweza kuchora ramani ya nyumba, kuhariri filamu na kumfundisha kijana kuandika programu. Na kijana aliyeiunda kwa mikono yake amejifunza somo ambalo hakuna aliyemlazimisha kulisoma. Shauku ya namna hiyo haifai kuzimwa. Inahitaji kuongozwa, hasa mahali ambapo kosa moja linaweza kuteketeza akiba ya mwaka mzima.

Mahali penyewe ni kwenye pawa saplai, yaani kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya mashine. Umeme wetu wa nyumbani ni wa volti 230, nao ni wa kwenda na kurudi. Vipuri vya kompyuta haviwezi kuutumia hivyo ulivyo. Vinahitaji umeme mnyoofu wa volti 12, volti 5 na volti 3.3. Kazi ya kuugeuza na kuutuliza ni ya pawa saplai, na hakuna kipande hata kimoja katika mashine kinachopata umeme bila kupitia kwake. Hata hivyo ndicho kipande ambacho kijana hukinunua mwisho, kwa chenji iliyobaki baada ya kununua kadi ya picha ya kujivunia mbele ya wenzake.

Wazee wa Uchaggani wasingefanya kosa hilo. Walipochimba mifereji ya kuteremsha maji kutoka mtoni hadi katika vihamba, hawakuanza kwa kuhesabu migomba. Walianza kwa kutazama banio la maji, upana wa mfereji na mahali utakapovuja. Walijua kwamba shamba zuri lililo chini ya mfereji mbovu ni shamba la kukauka siku ya jua na kuzolewa siku ya mvua. Pawa saplai ndiyo mfereji wa kompyuta.

LEBO NA UKWELI

Hila ya kwanza ambayo mnunuzi hana budi kuitambua ni hila ya lebo. Kisanduku kinaweza kuandikwa wati 500 kwa herufi kubwa, na wati hizo zisiwepo. Njia ya kukipima ni hesabu ambayo kila mwalimu wa Fizikia anaifahamu: volti mara ampea ndizo wati. Prosesa na kadi ya picha, ambavyo ndivyo walaji wakubwa, hula kutoka katika laini ya volti 12. Basi mnunuzi asome jedwali dogo lililo ubavuni mwa kisanduku, atafute ampea za laini hiyo, azidishe kwa 12. Ikiwa imeandikwa ampea 18, jawabu ni wati 216, hata kama juu yake pamechorwa 500. Pawa saplai ya kweli ya wati 550 huonyesha ampea zipatazo 45 katika laini hiyo, yaani wati 540. Ikiwa jedwali lenyewe halipo, hakuna haja ya kuendelea na mazungumzo na mwenye duka.

Hila ya pili ni ya neno "dhahabu". Tangu mwaka 2004 uko utaratibu wa kimataifa uitwao 80 Plus, unaopima ni kiasi gani cha umeme kinachopotea kama joto wakati wa kugeuzwa. Madaraja yake hupanda kutoka lile la kawaida hadi Bronze, Silver, Gold, Platinum na Titanium. Ni kipimo kizuri, lakini kinapima upotevu tu. Hakithibitishi kwamba kifaa kina kinga dhidi ya umeme kuzidi au nyaya kugusana. Wala jina kubwa la kiwanda peke yake si dhamana. Mwezi Agosti 2021 kampuni ya Gigabyte ya Taiwan, yenye sifa duniani kote, ililazimika kutangaza kubadilisha pawa saplai zake za GP-P750GM na GP-P850GM, baada ya wapimaji wa nje kuonyesha kwamba baadhi yake zilikuwa zikilipuka. Ikiwa mambo hayo huwapata wakubwa, kisanduku kisicho na jina wala anwani ya mtengenezaji tukitazameje?

HESABU KABLA YA FEDHA

Ni wati ngapi basi zinatosha? Tuchukue mfano wa mashine ya kwanza ya kijana wa kawaida. Kadi ya picha ya NVIDIA RTX 3060 hula wati 170. Prosesa ya daraja la kati kama AMD Ryzen 5 5600 tuihesabie wati 90 inapofanya kazi kwa nguvu. Diski, feni na mazabodi tuvipe 75. Jumla ni wati 335. Kadi za picha huwa na tabia ya kuruka ghafla kwa sehemu ndogo ya sekunde na kudai zaidi ya kiwango chake, kwa hiyo tuongeze nusu ya jumla hiyo. Tunafika karibu na wati 500, na pawa saplai ya kweli ya wati 550 inatosha. Watengenezaji wa kadi hiyo nao wanashauri wati 550. Anayemshawishi kijana huyo kununua ya wati 1000 anamtafutia hasara, sawasawa na yule anayemuuzia ya wati 500 za uongo.

Na ikiwa fedha hazitoshi? Hapa ndipo penye shina la hoja yangu. Punguza kadi, usipunguze pawa saplai. Ipo kadi kama GTX 1650, ambayo kwa aina zake nyingi hula wati 75 tu na hunywa kutoka katika mazabodi yenyewe, na pawa saplai halisi ya wati 300 huimudu. Kadi ndogo inaweza kubadilishwa mwakani, na pawa saplai njema itakuwapo kuipokea kubwa zaidi ikiwa nafasi iliachwa. Lakini pawa saplai mbovu inapokufa, mara nyingi haifi peke yake. Huondoka na mazabodi, huondoka na diski pamoja na picha na kazi zote za mwenye mashine. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Wapo wanaoanza na mashine za mtumba zilizotoka katika ofisi za ng'ambo, na si njia mbaya. Lakini wajue mambo matatu. Kwanza, mashine hizo nyingi huja na pawa saplai imara ila ndogo, za wati 240 hadi 290 hivi, na viunganishi vyake mara nyingi havilingani na vya kawaida, hivyo haiwezekani kuchomoa ya zamani na kupachika yoyote ile. Pili, baadhi ya pawa saplai za zamani na za bei ya chini zina swichi ndogo nyekundu nyuma, ya kuchagua kati ya volti 115 na 230. Ikiachwa kwenye 115 kama ilivyotumika Marekani, kisha ikachomekwa katika soketi ya Moshi, kitakachofuata ni mshindo na moshi. Tatu, nyaya za pawa saplai moja zisihamishiwe nyingine ya kampuni tofauti kwa sababu tu plagi zinaingia. Mpangilio wa ndani hutofautiana, na diski nyingi zimeungua kwa njia hiyo.

UMEME WETU NA MLIMA WETU

Ushauri uliomo katika majarida ya Ulaya na Marekani huandikiwa watu wa huko. Sisi tuna mazingira yetu. Nyumba iliyo mwisho wa laini, mbali na transfoma, hupungukiwa volti jioni wakati kila jirani amewasha. Umeme ukikatika, hurudi kwa kishindo. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili 2024 hitilafu ya Gridi ya Taifa iliiacha nchi gizani, na mwezi Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan, akizindua mradi wa maji wa Same-Mwanga-Korogwe humu mkoani Kilimanjaro, alieleza kwamba umeme unaosafiri kutoka mitambo ya kusini hadi Kaskazini hupotea mno njiani, na kwamba ndiyo sababu ya kutaka kununua mwingine kutoka Ethiopia kupitia Kenya. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, lakini umbali ni umbali. Taifa linapochagua chanzo cha umeme hupiga hesabu ya kinachofika, wala si ya kinachotoka tu. Na kijana wa Kibosho afanye vivyo hivyo.

Kwa mazingira haya, pawa saplai inayopokea volti 100 hadi 240 bila swichi ndiyo inayofaa, kwa kuwa huvumilia upungufu wa jioni. Pawa saplai njema huweza kushikilia mashine kwa kiasi cha sehemu 16 za elfu za sekunde umeme unapokatika. Muda huo ni mfupi, lakini unaitosha UPS kushika zamu. Hata kwenye UPS tusome lebo kwa makini: iliyoandikwa 650 VA haitoi wati 650, mara nyingi hutoa chini ya 400. Kazi yake ni kumpa mtu dakika za kuhifadhi kazi na kuzima, wala si kuendelea kucheza. Wakati wa masika, radi zinapotembea mlimani, kinga ya uhakika ni kuchomoa plagi. Na soketi iwe na waya wa ardhi uliofungwa na fundi anayejua kazi yake, kwa sababu bila waya huo chuma cha mashine kinaweza kumpiga shoti mwenye nayo.

Upotevu nao una bei. Mashine inayohitaji wati 300 ndani, ikiwa na pawa saplai ya ufanisi wa asilimia 75, huvuta wati 400 ukutani. Ikiwa na ya asilimia 90, huvuta 333. Kwa saa nne kila siku, tofauti hiyo ni uniti 8 kwa mwezi, na kila mwenye LUKU anajua uniti 8 zinapikiwa nini. Nazo hazikufanya kazi yoyote ila kupasha chumba joto, na joto la Moshi mwezi Februari halihitaji msaada.

WAJIBU WETU

Wazee wetu katika utumishi watakumbuka kwamba mwaka 1974 Serikali ilizuia kuingizwa kwa kompyuta nchini, baada ya mashine iliyokuwa ikifanya hesabu za Hazina kuleta matatizo makubwa. Tulikaa miaka mingi tukiiogopa mashine. Lakini chuma hakikuwa na hatia. Kilichokosekana kilikuwa maarifa ya watu wa kukichagua, kukiendesha na kukihoji. Leo milango iko wazi, na maarifa hayo yasipokwenda pamoja na bidhaa, hasara itarudi kwa mlango mwingine, safari hii ikiingia nyumba moja moja.

Kwa hiyo walimu wa Fizikia walete lebo ya pawa saplai darasani. Somo la volti na ampea litaeleweka kwa kipindi kimoja kuliko kwa ubao mzima. Maofisa ugavi wanaoandaa manunuzi ya kompyuta za shule na ofisi wasiridhike na maneno "kompyuta moja kamili". Waandike ampea za laini ya volti 12, daraja la ufanisi na kinga zinazotakiwa, kwa sababu asiyeandika anachotaka hupewa kilichopo. Shirika la Viwango lielekeze macho yake pia katika visanduku hivi vidogo, maana kisanduku cha uongo kinaweza kuanzisha moto katika nyumba ya mbao kama pasi mbovu inavyoweza. Na mzazi anayeombwa fedha asitoe kabla hajaona karatasi yenye hesabu ya wati, wala asilipe bila risiti na dhamana ya maandishi.

Mkulima wa kahawa wa mlima huu alijifunza zamani kusimama karibu na mizani na kusoma mshale mwenyewe, asitegemee kilo za kuambiwa. Mwanawe anaponunua wati, naye asimame karibu na mizani.