Matiti kwa mwanaume: kabla ya kisu, uliza dawa

Najua nimekaa kimya, zamu za usiku zimenibana. Leo tuongee jambo ambalo wanaume wetu hawalisemi mpaka mlango umefungwa.

Majuzi mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo, aliyekuja huku kufunga mzigo, alinipigia simu. (Ameniruhusu niandike, bila jina.) Tukakutana Xiaobei. Joto la Guangzhou mnalisikia tu, lakini yeye kavaa koti. Alitaka nimsindikize hospitali akakatwe matiti. Pesa anayo: ya mzigo.

Nikamuuliza, unatumia dawa gani? Akatoa pakiti ya spironolaktoni, vidonge vya moyo. Jamani! Dawa hiyo inajulikana siku nyingi kwa kuotesha matiti kwa wanaume. Angekatwa, akaendelea kumeza, na yangeweza kurudi.

Ndiyo maana nasema tuna haraka mno ya kisu. Efavirenzi, iliyokuwa kwenye ARV za wengi kwetu, ilifanya vilevile. Nilipokuwa kazini nyumbani niliona wanaume wakiacha dozi kwa sababu ya kuchekwa vijiweni. Wakarudi wodini wamekonda. Tangu 2019 WHO inapendekeza dolutegraviri iwe ya kwanza, na wengi wamebadilishiwa. Lakini anayebadilisha ni daktari. Usiache mwenyewe, nakuomba!

Wapo wenye mafuta tu, hao wapunguze uzito. Titi lenyewe hushikika kama kisahani kigumu nyuma ya chuchu. Mlioniuliza kuhusu vijana wa miaka 13 au 14: ni balehe, kwa wengi huisha ndani ya miaka miwili, msiwapeleke popote kuchanjwa. Wanaonyanyua vyuma na kujichoma sindano za misuli, hao wanajua wanachofanya. Ini bovu huleta pia, hata uvimbe wa korodani, kwa hiyo daktari akitaka kukagua huko chini usione aibu.

Likiwa jipya na linauma, madaktari huweza kutoa tamoksifeni kwa miezi michache. Likipita mwaka huwa limekomaa, vidonge havifui dafu. Hapo ndipo upasuaji una maana: kunyonya mafuta na kutoa tezi. Mimi siupingi, mtu kukaa na koti maisha yake yote si mchezo. Ila uvimbe mgumu upande mmoja, ngozi kuvutwa ndani au chuchu kutoa damu, hiyo nenda leo leo. Saratani ya matiti huwapata wanaume pia, ingawa ni wachache.

Huyu ndugu yetu kafunga mzigo wake, karudi. Ana miadi na daktari wake wa moyo pale Taasisi ya Jakaya Kikwete, Muhimbili. Ipo dawa ya jamii hiyo hiyo, eplerenoni, isiyosumbua sana matiti. Kama inamfaa, daktari ataamua. Jana kanitumia ujumbe kuwa kafika salama, na koti bado hajavua.

Haya, naenda kazini. Mnisalimie bibi.