Adabu ya Ulimi katika Ilimu ya Kompyuta

Miongoni mwa vijana wanaojifunza kompyuta vyuoni mwetu imezuka dhana kwamba fundi hodari wa programu ana ruhusa ya kuwa na ulimi mchafu, na kwamba mwanafunzi mchanga akiuliza jambo dogo hustahili kujibiwa kwa dhihaka ili siku ya pili ajitegemee. Mimi ni mmoja wa wanafunzi hao, na dhana hiyo siiafiki hata kidogo.

Hoja yangu si ya staha peke yake, japokuwa staha ingetosha. Tuitazame kazi yenyewe. Mwanafunzi aandikapo programu kwa lugha ya C akasahau nukta mkato mwishoni mwa mstari wa 14, kompaila, yaani programu inayoyageuza maandishi yake kuwa amri za mashine, hukataa kuendelea, na mara nyingine huutaja mstari wa 15, kwa kuwa hapo ndipo ilipotambua kuwa kuna kitu kimepunguka. Mgeni huukodolea macho mstari huo, usio na ila yoyote, hata akakata tamaa. Sasa akimwuliza aliyemtangulia, naye akamjibu, "Hata hilo hulijui? Umefuata nini hapa?", amepewa habari gani? Mashine isiyo na roho imemtajia kilichokosekana, ingawa imeteleza kidogo mahali. Binadamu mwenye akili timamu hakumtajia lolote. Jibu la "tazama mstari uliotangulia" ni fupi kuliko tusi, tena litamfaa katika kila programu atakayoiandika baadaye.

Wako watakaonipinga kwa kumtaja Linus Torvalds, Mfini ambaye mwaka 1991, alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alianza kuiandika Linux, ambayo leo imo ndani ya kila simu ya Android, na tangu Novemba 2017 huendesha kompyuta zote 500 zinazoorodheshwa kuwa na nguvu kuliko nyingine duniani; na ambaye kwa miaka mingi alikuwa mashuhuri vilevile kwa ukali wa maneno aliyowaandikia wenzake walipomletea kazi hafifu. Ukali huo, wasema, ndio ulioijenga kazi. Walakini mwenye ukali huo mwenyewe, Septemba 2018, aliomba radhi hadharani, akakiri kuwa mashambulio yake hayakumstahilia mtaalamu wala hayakuwa na haja, akajitenga kwa muda ili atafute msaada wa kuzifahamu hisia za watu, akarejea mwezi uliofuata. Na Linux haikulegea kwa hayo. Kilichoilinda, kwa rai yangu, ni kukataa kazi mbovu, jambo liwezekanalo bila ya kumtweza aliyeileta. "Mistari hii itapoteza data ya mtumiaji, sitaipokea" ni kauli nzito, wala hamna tusi ndani yake.

Insafu yanilazimu niwageukie na waulizaji, maana nao wana yao. Katika makundi ya masomo ya WhatsApp wako waandikao "Habari zenu" kisha wakanyamaza, wakingoja waitikiwe ndipo watoe shida. Wengine hupiga picha ya kioo cha kompyuta, yenye giza na iliyopinda, wakaitupa pamoja na neno "msaada". Salamu ni ada yetu njema na siombi iachwe, lakini mwenzako aliye kazini akiitikia "nzuri" saa tatu, nawe ukaleta swali saa sita, hamkuheshimiana, mmepotezeana wasaa tu. Aulizaye na asalimu, kisha papo hapo ataje alilokusudia programu ifanye, ilichofanya, na njia alizokwisha kuzijaribu, na ayanakili maneno ya kosa kama yalivyo, yasomeke. Akifanya hivyo, sisi tuliomtangulia hatutakuwa na udhuru wowote wa kumjibu "katafute Google".